Kipupwe Kimeingia: Mchana Tutoke Nje, Usiku Tusilale na Jiko



Masika yamekwisha. Matope ya njiani yamekauka. Asubuhi ukitoka nje unakuta umande juu ya majani. Upepo wa kusi unavuma. Mama anajitanda kanga ya pili mabegani. Baba anatafuta koti lake. Watoto wanakwenda shule huku wamekunja mikono kifuani. Wakati huu wa mwaka tunauita kipupwe.

Katika somo la leo tutazungumza juu ya kipupwe katika kata ya Wazo, wilaya ya Kinondoni, na kwa majirani zetu wa Bunju na Kunduchi. Tutajifunza mambo mawili. Jambo la kwanza: kipupwe ni wakati mzuri wa kukaa nje, kufanya kazi na kucheza. Jambo la pili: usiku wa kipupwe una hatari kubwa. Hatari hiyo ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

KIPUPWE NI NINI?

Kipupwe huanza mwezi wa Juni na huisha mwezi wa Agosti. Katika miezi hii jua limehamia upande wa kaskazini wa dunia. Huku kwetu kusini miale yake hutufikia kwa kuinama, na mchana unakuwa mfupi kidogo. Mwezi wa Februari jua hutua karibu saa 1 jioni. Mwezi wa Juni hutua kabla ya saa 12 na nusu. Wakati huohuo upepo wa kusi unaleta hewa baridi kutoka kusini.

Baridi ya Dar es Salaam si kali. Usiku wa mwezi wa Julai joto hushuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi. Mchana hupanda tena mpaka nyuzi 28 au 29. Wenzetu wa Makete na Njombe wana baridi kali zaidi. Huko, asubuhi nyingine, umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Huo huitwa sakitu.

Lakini mwili wa mtu wa pwani umezoea joto. Nyuzi 18 kwake ni baridi. Wengi wetu hatuna mablanketi ya kutosha. Kwa hiyo usiku tunafunga milango, tunaziba matundu ya madirisha kwa matambara, na wengine wanaingiza jiko ndani. Tutarudi kwenye jambo hilo. Kwanza tutazame uzuri wa kipupwe.

MCHANA WA KIPUPWE NI MALI

Watu wengine wakisikia baridi hujifungia ndani siku nzima. Hilo si jambo jema. Chumba kilichofungwa, chenye watu wengi, ndicho kinachoeneza mafua na kikohozi. Mtu mmoja akikohoa, wote wanavuta hewa ileile. Nje hewa inapita na vijidudu vinatawanyika. Kwa hiyo ukiamka, fungua madirisha. Toa magodoro na mablanketi uyaanike juani. Ukuta na vitu vilivyolowa wakati wa masika vipate kukauka. Ukungu wa ukutani huwasumbua wenye pumu.

Kipupwe ni wakati mzuri wa kazi. Mwezi wa Februari mtu akilima saa 4 asubuhi, jasho linamtoka na kichwa kinamwuma. Mwezi wa Julai anaweza kufanya kazi muda mrefu bila kuchoka upesi. Katika mabonde na viwanja vyetu hulimwa mchicha, matembele na bamia. Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki 3 au 4 tu. Mvua ni chache sasa, kwa hiyo mwagilia maji asubuhi au jioni. Usimwagilie maji ya mtaro wa maji machafu. Mboga zote zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Sokoni nako kuna neema. Huu ndio msimu wa machungwa ya Muheza. Chungwa linaupa mwili vitamini C, ambayo husaidia vidonda kupona na mwili kujilinda. Haliponyi mafua, lakini ni chakula bora. Mpe mtoto chungwa badala ya peremende.

Mwili unahitaji mazoezi. Mtu mzima anatakiwa autumikishe mwili wake walau dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha. Siku hizi katika Kinondoni na Temeke viko vikundi vya watu wanaokimbia pamoja alfajiri ya Jumamosi na Jumapili. Wamo vijana, wamo na akina mama watu wazima. Kama hakuna kikundi katika mtaa wenu, watu watatu wanatosha kuanzisha. Vaeni nguo nyeupe au za rangi ya kung'aa ili madereva wawaone gizani, na msikimbie katikati ya barabara.

Watoto nao waachwe wacheze. Wavulana wacheze chandimu, wasichana wacheze rede, wote wakimbie juani. Jua la asubuhi husaidia mwili kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa. Wazee nao watoe mkeka nje, wakae juani kidogo, kisha wahamie chini ya mwembe na bao lao. Mzee anayekaa peke yake ndani siku nzima hudhoofika mwili na moyo.

Angalizo moja kwa wanaokwenda pwani. Kusi likivuma, bahari huchafuka na mawimbi huwa makubwa. Watoto wasiachwe kuogelea bila mtu mzima.

VUMBI NA MBU

Ardhi ikikauka na upepo ukivuma, vumbi huruka. Sisi wa Wazo tunalijua vumbi. Mlima wetu una mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji kilianza kazi hapa mwaka 1966. Malori hupita mchana na usiku. Wako pia ndugu zetu wanaoponda kokoto kwa nyundo. Mponda kokoto akae mahali ambapo upepo unalisukuma vumbi mbali naye. Alowanishe mawe kwa maji kabla ya kuyaponda. Afunike pua na mdomo kwa barakoa. Mama anayefagia uwanja anyunyize maji kwanza. Mtu mwenye pumu awe na dawa yake karibu.

Mbu nao bado wapo. Masika yameacha madimbwi, makopo yenye maji na mashimo. Malaria huwasumbua watu wengi katika miezi inayofuata masika. Watu wengine wakipata blanketi husahau chandarua. Blanketi halifuniki uso, na mbu hupata pa kuuma. Lala ndani ya chandarua chenye dawa hata wakati wa baridi. Ukisikia baridi ya kutetemeka, usiseme tu kwamba ni kipupwe. Huenda ni malaria. Nenda ukapimwe.

JIKO NDANI YA CHUMBA NI SUMU

Sasa tusome kwa makini, ndugu msomaji. Sehemu hii inahusu uhai.

Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho kama moshi wa kuni. Mtu hawezi kuiona wala kuinusa. Kwa sababu hiyo watu hudanganyika. Wanangoja mkaa ukolee vizuri na moshi uishe, ndipo wanaingiza jiko chumbani. Wanadhani kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoendelea kutoa sumu hiyo.

Sumu hii inauaje? Tukivuta pumzi, damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Bila oksijeni ubongo na moyo hufa. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama abiria mkorofi anayekalia viti vyote vya basi. Oksijeni inakosa mahali pa kukaa. Mtu anaendelea kupumua, lakini mwili wake unakosa hewa.

Aliye macho huanza kuumwa kichwa. Kisha huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, hutapika na miguu hulegea. Aliyelala hapati onyo lolote. Usingizi unazidi kuwa mzito, naye haamki. Watoto wachanga, wazee na mama wajawazito huumia upesi zaidi. Sumu humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Haya hapa ni mambo ambayo watu husema, na majibu yake:

"Tumefunika mkaa kwa majivu." Mkaa uliofunikwa bado unaungua polepole, na bado unatoa sumu.

"Tumeweka beseni la maji karibu na jiko." Maji hayanyonyi sumu hii.

"Tumeacha dirisha wazi kidogo." Upenyo mdogo hauaminiki. Upepo ukibadilika au ukitulia, sumu hubaki ndani.

"Tunatumia gesi, si mkaa." Gesi ni safi kwa kupikia kuliko mkaa. Lakini jiko la gesi nalo lisitumiwe kupasha joto chumba kilichofungwa. Jenereta vilevile isiwashwe ndani ya nyumba.

MAZUNGUMZO YA MKWE NA MZAZI

Kwetu pwani iko desturi ya kumkinga mama mzazi na baridi katika siku 40 za kwanza. Desturi hii ina maana nzuri. Mama anahitaji kupumzika, na mtoto mchanga anahitaji joto. Lakini mara nyingi jiko huwekwa karibu na kitanda, na hapo ndipo penye hatari. Tuseme mama kijana amejifungua, na mama mkwe amekuja kumwangalia. Wasome wanavyozungumza.

"Mwanangu, usiku wa leo una baridi," mama mkwe alisema. "Ngoja nikuletee jiko. Mzazi hapigwi na baridi."

"Ahsante, mama. Ni kweli mtoto asipate baridi. Lakini kliniki walitufundisha tusilale na jiko ndani."

"Mbona sisi tulilala nalo? Na watoto wetu ndio hawa, wamekuwa watu wazima. Mumeo mwenyewe nimemlea hivyo."

"Ni kweli, mama. Lakini nyumba zenu zilikuwa za makuti. Upepo ulipita juu ya ukuta. Chumba hiki kina bati, kina dari, kina dirisha la kioo. Hewa mbaya haina pa kutokea."

Mama mkwe alitazama juu kwenye dari. Alinyamaza kidogo. "Kumbe. Sasa mjukuu wangu atapata joto wapi?"

"Nitamlaza kifuani kwangu, mama, ngozi kwa ngozi, kisha unifunike kwa kanga na blanketi. Na maji ya moto tuyatie katika chupa, tuifunge kwa kitambaa, tupashe kitanda kabla hatujalala."

"Haya mwanangu. Basi jiko litabaki uani. Uji wako nitaupika hukohuko, na nguo za mtoto nitazipasha hukohuko."

Mama kijana hakumdharau mkwe wake. Alikubali kwamba mtoto anahitaji joto, kisha akaonyesha njia nyingine. Nyumba za zamani nazo hazikuwa salama kabisa. Lakini hewa ilipita ndani yake zaidi kuliko katika nyumba zetu za sasa.

JINSI YA KUPATA JOTO BILA JIKO

1. Vaa nguo mbili au tatu nyepesi, moja juu ya nyingine. Hewa inayokaa katikati ya nguo huhifadhi joto la mwili.

2. Mvike mtoto mchanga kofia na soksi. Watoto wachanga hupoteza joto jingi kichwani.

3. Weka mkeka, magazeti makuukuu au maboksi chini ya godoro lililo sakafuni. Saruji hunyonya joto la mwili.

4. Kula chakula cha moto jioni. Uji au chai ya tangawizi huleta joto.

5. Chupa ya maji ya moto ifunikwe vizuri na ifungwe kwa kitambaa. Iondolewe kitandani kabla ya mtoto kulazwa, isije ikamwunguza.

6. Oga kabla jua halijatua. Mtoto aogeshwe mchana, akaushwe vizuri na avikwe mara moja.

7. Kunywa maji ya kutosha. Wakati wa baridi hatusikii kiu, lakini mwili bado unayahitaji. Ngozi ikipasuka, pakaa mafuta ya nazi.

Kabla ya kulala, mtu mmoja katika nyumba awe na kazi ya kuhakikisha kwamba jiko liko nje. Lisiachwe mlangoni wala ukumbini.

UKIMKUTA MTU AMEVUTA SUMU

1. Fungua mlango na madirisha upesi. Usikae ndani, maana wewe nawe utaanguka.

2. Mtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi.

3. Piga kelele upate msaada. Watoe na wengine wote waliolala chumba hicho, hata wakisema hawaumwi.

4. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Usimpe maziwa wala kitu chochote cha kunywa. Kitamwingia mapafuni.

5. Mpeleke hospitali mara moja. Waambie waganga kwamba alilala na jiko la mkaa. Hospitali humpa mgonjwa oksijeni. Hata akiamka na kusema amepona, apelekwe.

KIKOHOZI CHA MTOTO

Mafua ya kawaida hupona yenyewe baada ya siku chache. Mpe mtoto vinywaji vya uvuguvugu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Lakini homa ya mapafu, ambayo wengine huiita nimonia au kichomi, ni ugonjwa unaoua watoto wadogo. Moshi wa jikoni huongeza hatari yake. Usimbebe mtoto mgongoni unapopuliza moto.

Mama anaweza kuitambua homa ya mapafu kwa kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii. Mfunue kifua. Tazama saa au simu, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Pumzi ni nyingi mno zikifika:

60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka 1;
40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5.

Akifikia hesabu hiyo, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea, usingoje hata saa moja. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa kukinga aina moja ya homa ya mapafu. Chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tazama kadi ya mtoto wako.

Mtu mzima anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi asiseme ni upepo wa kusi. Akapimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure.

TUFANYE PAMOJA

Mwaka 1973 wananchi wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusikiliza. Walichimba vyoo, walifukia madimbwi na kufyeka nyasi. Nasi tusiishie kusoma. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Lakini nyumba nyingi bado zina jiko la mkaa, na kipupwe hakingoji. Kulitoa jiko nje usiku wa leo hakugharimu hata senti moja.

Msomee jirani ambaye hajajifunza kusoma. Zungumza na mlinzi anayelala kibandani na jiko lake. Zungumza na bibi anayemwangalia mzazi. Tuamke sote asubuhi, tufungue madirisha, tutoke nje tukaote jua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkaa usio na moshi bado ni hatari?

2. Mama kijana alimwelezaje mkwe wake bila kumvunjia heshima? Wewe ungesema nini?

3. Utafanya nini ukimkuta jirani amezirai katika chumba chenye jiko?

4. Mtoto wa miezi 8 ana pumzi 54 kwa dakika 1. Mama yake afanye nini?

5. Katika mtaa wenu, ni watu gani wanaolala na jiko? Nani atakwenda kuzungumza nao, na lini?